Karatasi Kwanza, Mlima Baadaye: Niliyowaambia Vijana Wetu Kuhusu Kazi za Msimu wa Theluji

Haya niliyasema Jumamosi ukumbini hapa Milton Keynes mbele ya vijana na wazazi wao, wengi mliomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu mliokaa huko nyuma asanteni sana kwa kuja, najua wengine mmekuja kusikiliza huyu dada anataka kuwapeleka wanenu wapi, na mna haki ya kujua. Na nyinyi wadogo zangu, mambo vipi.

Nianze na kilichonileta. Mwezi uliopita kijana mmoja wa jumuiya yetu alinipigia simu kutoka Ufaransa. Ana miaka 20, kazaliwa hapa hapa Uingereza, pasipoti anayo. Alikuwa kwenye mji mmoja wa milimani, kazi yake kuosha vyombo kwenye baa, na mwenye baa alimwambia we njoo tu kama mtalii, una siku zako 90, mi nitakulipa keshi. Kafanya wiki tano. Akateleza jikoni akavunjika mkono. Hospitali wakamtibu, lakini walipomuuliza umeumia wapi, unafanya kazi kwa nani, akanyamaza, maana hana mkataba, hana bima ya kazini, hana kitu chochote kinachoonyesha kwamba alikuwa anafanya kazi pale, na yule mwenye baa akaacha kupokea simu. Pesa ya wiki mbili za mwisho hajapewa mpaka leo. Ile siku nililia, nawaambia ukweli, kwa sababu mimi nikiwa na umri karibu na wake nilifanya kazi kama ile ile kwenye milima ile ile na sikuhitaji kujificha hata siku moja.

Desemba 2016 nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikaona tangazo la kampuni ya Kiingereza inatafuta watu wa chaleti, yaani zile nyumba za mbao za wageni huko milimani. Kura ya Brexit, yaani ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilikuwa imeshapigwa, Juni 23 mwaka ule ule, lakini sheria ilikuwa bado haijaguswa. Intavyuu moja London, wiki mbili baadaye niko kwenye basi usiku kucha naelekea Morzine, mji wa milimani kule Ufaransa. Hakuna viza, hakuna kibali, pasipoti tu mfukoni. Mkataba wangu ulikuwa wa Uingereza, nalipwa Uingereza, makato yangu ya bima ya taifa yanakatwa huku huku, kwa sababu kanuni za Umoja wa Ulaya ziliruhusu kampuni ya nchi moja kumtuma mfanyakazi wake nchi nyingine kwa muda. Saa 12 na nusu asubuhi niko jikoni napika uji na mayai, halafu vitanda, halafu vyoo, halafu keki lazima iwe mezani ile saa 10 jioni wageni wanaporudi wamelowa, halafu chakula cha usiku, halafu vyombo. Pesa mkononi ilikuwa ndogo, kama pauni 110 kwa wiki, lakini kitanda, chakula, pasi ya lifti, yaani ile mitambo inayopandisha watu mlimani, viatu na skii zenyewe vyote juu yao. Nilifanya misimu mitatu. Nilijifunza kuteleza kwenye theluji nikiwa na miaka 22, mtoto wa watu wa Tanga, na mpaka leo nikikumbuka ile asubuhi ya kwanza nimeshuka mlima mzima bila kuanguka moyo unanienda mbio.

Ule mlango ulifungwa usiku wa Desemba 31, 2020. Uingereza ilikuwa imeshatoka kwenye Umoja tangu Januari 31 mwaka huo, lakini miezi 11 ile ilikuwa ya mpito, mambo yaliendelea kama zamani. Kuanzia Januari mosi 2021 Mwingereza kwa Ufaransa, Austria au Italia ni mtu wa nje kama mtu wa nje mwingine yeyote. Chama cha makampuni ya usafiri hapa Uingereza, ABTA, walitoa hesabu zao kwamba Waingereza waliokuwa wakifanya kazi za utalii nchi za Umoja walikuwa karibu 12,000 mwaka 2017, na kufika 2023 wamebaki chini ya 3,700. Ukiona tangazo la kazi ya msimu siku hizi chini kabisa limeandikwa lazima uwe na pasipoti ya Umoja wa Ulaya, usidhani wanakubagua wewe na jina lako, wamechoka na makaratasi.

Sasa hizi siku 90 naomba mnisikilize vizuri sana. Unaruhusiwa kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180 kwenye nchi zote za Schengen kwa pamoja, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, sio 90 Ufaransa halafu 90 nyingine Austria, zote zinahesabiwa kwenye kapu moja. Uswisi haimo kwenye Umoja lakini imo Schengen, Bulgaria nayo imeingia kikamilifu Januari mosi 2025 kwa hiyo Bansko, mji wao wa skii, pia ni kapu lile lile. Na ni siku za kutembea. Kuosha vyombo hata siku moja sio kutembea, hata kama hulipwi, hata kama unapewa kitanda na pasi ya lifti tu, ni kazi. Zamani watu walikuwa wanategemea askari wa mpakani asisome mihuri vizuri, lakini tangu Oktoba 12, 2025 wameanza mfumo mpya, wanachukua alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta inahesabu siku zako yenyewe. Ukipitiliza inajua. Mtu akikwambia njoo tu tutajipanga huku huku, anajipanga yeye, wewe ndo utabaki na rekodi.

Kwa hiyo mpangilio umegeuka. Sisi zamani tulichagua mlima, tukapata kazi, tukapanda basi. Nyinyi inabidi muanze na karatasi, muulize nchi gani itanipa haki ya kufanya kazi kihalali, halafu ndo mtafute mlima ndani ya nchi hiyo.

Na mi nikiulizwa nawaambia waanze na Kanada, maana nimepita mwenyewe. Kuna mpango wa vijana unaitwa IEC, Kanada wana makubaliano na Uingereza, ukiwa na pasipoti ya Uingereza na umri miaka 18 mpaka 35 unaweza kupata kibali cha wazi cha miaka miwili, yaani hakijakufunga kwa mwajiri mmoja, ukigombana na bosi Jumatatu Jumanne unatafuta kazi kwingine. Unafungua profaili mtandaoni, unaingia kwenye kundi la wanaosubiri, na kompyuta inachagua watu kwa bahati kwa awamu. Ukichaguliwa una siku 10 za kukubali na baada ya hapo siku 20 tu za kuleta kila kitu. Hizo siku 20 ndo zinawamaliza watu. Watu wa hapa wanaomba cheti cha polisi cha Uingereza wanamaliza, lakini wewe kama ulikaa Dar au Mombasa miezi sita mfululizo au zaidi baada ya kufika miaka 18, wanataka cheti cha tabia njema cha kule pia. Sasa cheti cha kule si mnakijua, kuna alama za vidole, kuna kufuatilia, kuna mjomba wa kumpigia simu. Anza kukifuatilia mapema hata kabla hujachaguliwa. Na kama mwaka uliopita ulikaa nyumbani miezi sita mfululizo watakutaka upimwe na daktari waliyemteua wao, na hata kama hukukaa, ukitaka kazi inayohusu watoto, kama kulea au shule ya skii ya watoto, kipimo ni lazima.

Pale uwanja wa ndege Kanada wanaweza kukuuliza mambo mawili ukashindwa kuingia. Moja dola 2,500 za Kanada kwenye akaunti, za kuanzia maisha. La pili bima ya afya ya muda wote unaokaa, na hapa wengi wanajiumiza, ananunua bima ya miezi sita kwa sababu ni rahisi, ofisa anamwandikia kibali cha miezi sita, na ile nafasi huwezi kurudi kuiongeza kirahisi. Nunua ya miaka miwili. Inauma lakini nunua.

Mimi nilikwenda 2022, nikafanya kazi Banff, kwanza usafi wa vyumba hotelini halafu kwenye lifti za mlimani. Banff iko ndani ya mbuga ya taifa, huruhusiwi kuishi pale bila sababu kama kazi, kwa hiyo waajiri wengi wana nyumba za wafanyakazi na wanakata kodi kwenye mshahara. Hiyo ni neema. Whistler ambako kila mtu anataka kwenda, nyumba ni vita, nimeona watu wazima wanne kwenye chumba kimoja, kwa hiyo ukipata ofa ya Whistler swali lako la kwanza liwe nyumba ipo au haipo kabla hujauliza mshahara. Kima cha chini Alberta ambako kuna Banff na Lake Louise ni dola 15 kwa saa tangu 2018, British Columbia ambako kuna Whistler kilikuwa dola 17.85 kuanzia Juni 2025. Waajiri wakubwa wanaanza kuajiri tangu mwisho wa kiangazi, Agosti, Septemba, ukisubiri uone theluji kwenye picha za wenzako umeshachelewa. Na baridi, wadogo zangu, kuna asubuhi nilisimama kwenye lifti ipo nyuzi 30 chini ya sifuri, kope zinaganda. Pesa ya kwanza usinunue simu, nunua glavu.

Nyuzilandi na Australia nitapita haraka. Msimu wao ni Juni mpaka Oktoba, sisi tukiwa kwenye kiangazi wao wako kwenye theluji, Queenstown na Wanaka upande mmoja, Perisher na Thredbo upande mwingine. Zote mbili kwa Mwingereza umri ni mpaka 35, Nyuzilandi wanakupa hadi miezi 36, na Australia tangu Julai 2024 hawamlazimishi Mwingereza kwenda kuvuna shambani ili apate mwaka wa pili. Japani mwisho ni miaka 30, nafasi kwa Waingereza wameziongeza kutoka 1,500 mpaka 6,000 kwa mwaka, unaomba ubalozini London, na Niseko na Hakuba wanatafuta sana watu wanaojua Kiingereza. Marekani mi siwashauri kwa sasa, zile viza za wanafunzi hazikai sawa na likizo za vyuo vya huku.

Sasa Ulaya. Haijafungwa kabisa, na hapa nataka niongee na kundi moja ambalo huwa halitajwi. Nyinyi mliotoka Bukavu, Goma, Uvira, nyinyi wa Bujumbura, simameni kidogo tuwaone. Mnajua mna nini mdomoni? Kifaransa. Mwajiri wa Ufaransa akitaka kumwajiri mtu wa nje kwa msimu inabidi atangaze kazi wiki tatu akose mtu, halafu aombe idhini ya kazi serikalini, halafu wewe ndo uombe viza ya mfanyakazi wa msimu, unapeleka karatasi London, Manchester au Edinburgh. Ni kazi kubwa kwake. Hawezi kuifanya kwa ajili ya mtoto wa Kiingereza anayejua bonjour na merci. Lakini mpishi au mtu wa mapokezi anayeongea Kifaransa cha kueleweka, Kiingereza cha hapa, na ikibidi anaongea na dereva Mkongo kwa Kiswahili, huyo anaweza kumfikiria. Kibali kinaruhusu kufanya kazi miezi sita kwa mwaka, makazi yako rasmi yanabaki nje ya Ufaransa, na kadi yenyewe inaweza kutolewa hadi ya miaka mitatu, kwa hiyo mwajiri akiumia mara moja misimu inayofuata ni rahisi. Na unalipwa kwa sheria ya Ufaransa, kima cha chini kilikuwa yuro 11.88 kwa saa tangu Novemba 2024, sio zile pauni 110 zangu. Mi nasikitika sana ule mlango ulivyofungwa lakini hilo moja lazima niliseme, ule mshahara wetu wa zamani ulikuwa mdogo mno kwa kazi ile.

Tena wengine wenu mlipita Ubelgiji au Uholanzi kabla ya kuhamia hapa. Nenda nyumbani leo umuulize mama ile pasipoti ya zamani iko wapi na bado ni hai au vipi, ubalozi wao watakujibu. Kama bado wewe ni raia wa nchi ya Umoja, haya yote niliyosema ya viza hayakuhusu, unaenda kama mimi nilivyokwenda. Mwenye pasipoti ya Ayalandi vile vile.

Andorra watu hawaijui. Ni kanchi kadogo kati ya Ufaransa na Hispania, haimo kwenye Umoja wala Schengen, ina milima mizuri tu, na kila majira ya baridi wanatoa vibali vya msimu kwa watu wa nje. Mwajiri anakuombea, wewe unaleta cheti cha polisi kilichogongwa muhuri wa kimataifa, ukifika unapimwa afya. Hawana uwanja wa ndege, unashuka Barcelona au Toulouse unachukua basi. Ukijua Kihispania kidogo umeshapata. Uswisi wana nafasi 3,500 za Waingereza kwa mwaka, lakini hizo ni za kazi zote nchi nzima, benki, maabara, kila kitu, na mwajiri lazima athibitishe amekosa Mswisi na amekosa mtu wa Umoja, kwa hiyo kwa kazi ya kutandika vitanda usiweke matumaini yako yote hapo. Mnasikia pia habari kwamba Uingereza na Umoja wanazungumza mpango wa vijana, kweli walikubaliana Mei 2025 kwamba watautengeneza, lakini kuzungumza sio viza, usiache chuo kwa ajili ya hilo.

Kuna jambo linaniuma na lazima niliseme mbele ya wazazi. Hii mipango yote ya Kanada, Japani, Australia inataka URAIA wa Uingereza, pasipoti yenyewe. Ukaazi wa kudumu hautoshi. Wapo vijana hapa wamekuja wadogo, wana miaka 15 huku, wana ukaazi wa kudumu, pasipoti bado ya Kenya au Tanzania, na kwenye hizi nafasi hawahesabiki kabisa. Mkenya anaweza kuchukua uraia wa hapa akabaki na wa nyumbani, katiba ya 2010 inamruhusu. Mtanzania mtu mzima akichukua anapoteza wa kwetu. Hilo ni jambo zito, la familia kukaa chini, siwezi kumwambia mtu achukue au aache, nyumba yetu wenyewe tulilizungumza miaka miwili. Ila lizungumzeni akiwa na miaka 17, sio siku ambayo tangazo la kazi limetoka.

Mama mmoja aliniuliza pale mwanzo, mwanangu atasali wapi, atapika nguruwe? Swali zuri. Kwenye chaleti, ndio, kutakuwa na bekoni asubuhi na divai usiku, na ile sahani ya viazi na jibini ya kule Savoie, mkoa wa milimani Ufaransa, inawekwa nyama ya nguruwe. Mimi mwaka wa kwanza nilikaa kimya nikawa napika na roho inanisuta, mwaka wa pili nikamwambia meneja kabla ya kusaini, akanihamishia chaleti ya familia zenye watoto, na hapo mwenzangu alishika divai mimi nikashika keki na watoto. Sema mapema. Kazi ziko nyingi ambazo hazigusi pombe wala nyama, usafi wa vyumba, duka la kukodisha skii, udereva, lifti, kulea watoto. Na sala, nilisali chumba cha viatu, kuna joto pale kwa sababu wanakausha viatu.

Mwisho mwisho, pesa. Hakuna wakala halali wa hapa Uingereza anayeruhusiwa kukutoza ada ili akutafutie kazi, sheria iko tangu 1973. Mtu akikutumia mkataba wa Uswisi kwa WhatsApp halafu anataka pauni 300 za kufungua faili, mzuie na uniletee mimi hiyo meseji.

Na kama hujawahi hata kuvaa skii, anza hapa hapa mjini, tuna ukumbi wa theluji ya ndani, wanaajiri watu wa duka la kukodisha na wa mapokezi. Hakuna viza. Uskochi pia, Cairngorm na Glenshee, hakuna viza. Miezi minne ya kufunga viatu vya watoto pale ikiwa kwenye sivii yako, mwajiri wa Kanada anaiona.

Sasa nimeleta laptopu mbili na kaka yangu ana ya tatu. Tutakaa mezani pale karibu na jiko mpaka saa mbili usiku. Wa miaka 18 mpaka 35 wenye pasipoti ya Uingereza njooni nayo mkononi tufungue profaili za Kanada, wa Kifaransa kaeni meza ya dirishani na dada wa Bukavu, ameshapita ile njia ya viza ya msimu na amekuja na karatasi zake zote mzione. Yule kijana wa mkono yupo pale mlangoni, ameniruhusu niseme kisa chake. Amekuwa wa kwanza kujiandikisha.